Komeo Hakuingia Wodini

Mmenisumbua vya kutosha, vijana. Jumapili mlinishika mkono mlangoni mwa kanisa, katikati ya wiki mkamtuma mjukuu wangu, na juzi mkaja wenyewe mkakaa barazani kwangu mpaka uji ukaungua. Mnataka habari za Komeo ziandikwe, ati zisomwe kwenye darasa la ubatizo siku ya somo la utii. Kwa nini mimi? Waliosoma wapo, wenye miwani wapo. Mimi shule niliiacha kabla shule haijanijua vizuri, na hii kalamu inaniuma kidole. Lakini najua wenye miwani watawaandikia uzuri mtupu, na mambo hayakuwa uzuri mtupu. Basi someni, na asitokee mtu wa kunisahihisha.

Komeo ni bawabu wa hospitali yetu ya kanisa. Jina hilo hakubatizwa nalo. Alipewa na watu aliowafungia nje, nao ni wengi, nami nimo. Ni mtu mrefu, mkavu, shati lake la kazi limenyooka kama limetoka dukani, na funguo zimening'inia kiunoni kwa mnyororo. Lango lake ni la mabati mazito, mbawa mbili, na pembeni kuna kilango cha kupita mtu mmoja. Kwenye nguzo kumetundikwa kipande cha reli. Jioni Komeo hukigonga kwa nondo, ngaa ngaa ngaa, watu wakaingia kuwatazama wagonjwa wao. Jua likiegemea hukigonga tena, watu wakatoka.

Sheria za lango ziliwekwa na Matroni, na msiniambie Matroni ni mkorofi, kwa sababu mimi nilikuwepo kabla ya sheria. Wodi ilikuwa soko. Mgonjwa mmoja alikuwa na shangazi, binamu, majirani na mwuza mayai, wote wamekaa kitandani. Siku moja mama mmoja alizidiwa, muuguzi akawa anapiga kelele apishwe, na mpaka alipopishwa kazi ilikuwa imekwisha. Ndipo Matroni akasema: kabla ya reli kulia haingii mtu, kitanda kimoja watu wawili, watoto wabaki nje, na wafanyakazi nao wakitaka kuwaona jamaa zao waingie saa hiyo hiyo kama watu wengine. Na lango lisiachwe bila mtu hata kidogo.

Komeo aliishika sheria hiyo kama anavyoishika sala. Ni mzee wa kanisa, somo la utii alikuwa akilifundisha yeye mwenyewe. Alikuwa akiwaambia wanafunzi wa ubatizo kwamba mkubwa wako wa kazi hakujiokota njiani, amewekwa hapo, na wewe ukimtii unamtii aliyemweka. Hakusema kwa mdomo tu. Nilimwona akimvulia kofia bosi wake aliye mdogo kuliko mtoto wake wa kwanza.

Watu walimjaribu kila namna.

"Komeo, baba yangu, mimi si mjukuu wako?"

"Mjukuu wangu anajua saa ya kuingia."

Siku nyingine mama mmoja kajifunika shuka, tumbo liko mbele, anapita taratibu kama mjamzito wa siku zake. Komeo akamwinamia kwa heshima.

"Pole mama. Mimba yako imepiga chafya. Irudishe nyumbani, iache na bibi yake."

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega, na yule mama mwenyewe akacheka, akamtoa mtoto. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Hakumtukana mtu. Alikuwa hapitishi tu.

Sasa, mkewe. Mkewe ni fundi cherehani, anashona sare za shule. Ni mwanamke wa maneno machache na mkono mwepesi, na lile shati la bawabu mnalolisifu ni yeye aliyekuwa akilipiga pasi. Tumbo lilikuwa likimuuma tangu zamani, akawa anakunywa maji ya moto na kuendelea kukanyaga cherehani. Mpaka asubuhi moja mume yuko kazini, likambana akaanguka juu ya vitambaa. Mdogo wake, yule msusi mwenye mdomo, akamshika mkono wakaja hospitali kwa miguu, wanapumzika kila penye kivuli.

Walipofika langoni kulikuwa na foleni ya wagonjwa. Kila mgonjwa anaonyesha kadi ya hospitali ndipo apite kilango. Komeo alimwona mkewe amejikunja, jasho linamtiririka. Lakini mbele ya mkewe kulikuwa na kikongwe mmoja aliyekuwa akiitafuta kadi yake, na Komeo alikuwa amemwambia hivi punde, "Bibi, bila kadi sikupitishi." Kikongwe anamtazama. Foleni nzima inamtazama.

"Kadi," Komeo akamwambia mkewe.

Mkewe akainua uso. "Hata mimi?"

"Hata wewe, mama watoto. Ni dakika tu."

Msusi akafoka, "Shemeji, una akili? Huyu ni mkeo! Unamwuliza kadi mtu unayelala naye?"

Mkewe akaingiza mkono kifuani, akatoa kadi, akamwonyesha. Akapita, wala hakugeuka. Komeo akabaki na mkono hewani, maana alikuwa ameunyoosha amshike bega, na bega lilikuwa limeshakwenda.

Kile kitendo cha kutogeuka ndicho kilichomla. Aliniambia mwenyewe. Ugonjwa aliukabidhi kwa Mungu na kwa madaktari, lakini ule mgongo hakujua amkabidhi nani. Alikuwa anataka kukaa kwenye kiti kando ya kitanda, amwulize mkewe, "Umenikasirikia?" na ajibiwe, ndiyo au hapana. Basi. Hakutaka zaidi ya hilo.

Hapo ndipo mjue alivyonaswa. Saa ya kutazama wagonjwa ndiyo saa ambayo bawabu hawezi kuondoka langoni, umati wote uko kwake. Na reli ikishagongwa ya kutoka, zamu yake nayo imekwisha, naye amekuwa mtu wa nje kama watu wengine, na mtu wa nje haingii. Ile sheria aliyowafungia watu nayo ilimfungia na yeye, tena yeye kwa nje na kwa ndani.

Mwenzake anayempokea jioni, bwana mmoja mcheshi, alimwambia siku ya kwanza, "Pita, bwana. Nageuka huku nafunga kiatu, sijaona kitu."

"Umeajiriwa uone," Komeo akamjibu.

"Ni mke wako!"

"Na wale niliowarudisha jana walikuwa na wake wa nani?"

Yule akatikisa kichwa, akafunga kiatu ambacho hakina kamba.

Alikwenda kwa bosi wake, mkuu wa walinzi. Huyu walinzi wenyewe wanamwita Kesho, akiwa hayupo. Komeo akavua kofia.

"Bosi, naomba jioni moja mtu anishikie lango, nikamwone mgonjwa wangu."

"Mtu gani, Komeo? Wa bustani yuko likizo, wa stoo mgongo unamsumbua, mwenzako wa usiku ana kibarua kwingine mpaka jioni. Wewe mwenyewe unajua lango si la kumpa mtu yeyote. Njoo kesho tuone."

Akaenda kesho. Kesho akasema kesho. Hakuwa mtu mbaya, ni mtu ambaye kila jambo likimfika linalala. Komeo akashukuru, akavaa kofia, akarudi langoni.

Wodi ya wanawake inatazama lango. Dirisha la karibu na tangi la maji ndilo la mkewe. Siku za mwanzo mwanamke yule alikuwa akisimama dirishani, ameshika nondo, anatazama nje. Komeo alikuwa akigusa ukingo wa kofia, hivi, kumsalimia. Mkewe hakupunga mkono. Alisimama tu. Sasa mtu aliye mbali namna ile, uso humwoni vizuri. Utajuaje kama amenuna au anaumwa? Komeo alikuwa anafungua kilango, anafunga, anachungulia dirisha, mpaka siku moja akamrudisha nje daktari.

Kisha dirisha likawa tupu.

Msusi alikuwa akileta uji kila siku. Alipotoka, Komeo akamshika.

"Shemeji, mbona hasimami? Amezidiwa?"

"Muuguzi kamwambia asisimame, alale. Kalala. Kamwambia ageukie ukutani, kageukia. Nyie wawili sijui mlifungishwa ndoa au mliapishwa jeshi!"

"Ulimwuliza lile jambo?"

"Lipi?"

"Kama amekasirika."

Msusi akaweka chupa ya uji chini, akashika kiuno. "Shemeji, nimebeba uji, nimebeba shuka, nimebeba kopo ambalo sikutajii lina nini. Maneno ya chumbani kwako sibebi. Lango ni lako, funguo unazo kiunoni zinapiga kelele kama mbuzi. Ingia ukamwulize!"

"Nimeomba ruhusa."

"Kwa nani? Kwa Kesho?"

"Ni bosi wangu."

"Haya. Dada yangu akifa keshokutwa, utakuwa umemtii mtu wa kesho."

Hilo lilimchoma, lakini akamfungulia kilango. Mtu aliye langoni hagombani na watu, ndivyo alivyofundishwa, na shemeji naye siku hiyo alikuwa mtu wa langoni.

Nyumbani kulikuwa kimya. Cherehani imefunikwa kitambaa, sare za watoto wa watu zimekunjwa hazina vifungo. Alijaribu kupiga pasi shati lake, akaunguza kola. Akalivaa hivyo hivyo, na kwa mara ya kwanza tukamwona Komeo ana alama ya pasi shingoni, na hakuna aliyethubutu kumtania. Alipopiga magoti alianza na viongozi wa kanisa, kama desturi yake, akaja kwa Matroni, kwa madaktari, kwa bosi wake, na alipofika kwa mkewe maneno yakamwishia. Alikuwa akikumbuka yule afisa wa jeshi katika Maandiko aliyejua kuamrisha na kuamrishwa, aliyesema Bwana asisumbuke kuja, atamke tu. Komeo akasema, basi tamka. Halafu akasikiliza. Jirani mmoja alikuwa anapasua kuni. Hakusikia kingine.

Sasa nawaambieni kosa alilofanya, kama ni kosa. Nyie wenye darasa mtaamua.

Matroni alipita langoni kwa miguu, mwavuli mkononi. Matroni hapiti langoni kila siku, huwa na mlango wake wa upande wa nyumba za wauguzi. Akasimama.

"Komeo, nasikia mama watoto tunaye. Anaendeleaje?"

Mwanamke mwenye sheria zote kasimama mbele yake, tena kamwuliza yeye, kwa upole. Neno moja tu. Hata mtoto angelisema. Msusi alikuwa amekaa kivulini kando ya ukuta, akaacha kuchana nywele za mteja, akakaza macho kama anayemsukuma mtu kwa kutazama.

Komeo akavua kofia. "Tunamshukuru Mungu, Matroni."

"Haya, vizuri. Tunaendelea kumwombea."

Matroni akafungua mwavuli, akaenda zake. Alidhani mtu huyu anaingia kila siku kumwona mkewe. Kwa nini asidhani?

Msusi alikuja kama moto. "Tunamshukuru Mungu! Tunamshukuru Mungu! Shemeji, mdomo wako umeshonwa na dada yangu?"

"Jambo liko kwa bosi. Nikimruka nikaenda kwa Matroni nitakuwa nimemdharau."

"Bosi wako ni Kesho!"

"Hata Kesho ni bosi."

"Na Matroni amekuuliza mwenyewe!"

"Ameuliza hali ya mgonjwa. Hakuniuliza shida zangu. Mkubwa akikujulia hali njiani humtupii mzigo."

Hasira ikamwisha msusi usoni, ikabaki huruma, na hiyo Komeo ilimuumiza kuliko yale matusi. "Shemeji," akasema taratibu, "siku hizi dada hapati usingizi. Anauliza kila saa wewe uko zamu gani."

"Anauliza kwa uso gani?"

"Sijui. Anauliza akiwa ametazama ukuta."

Siku iliyofuata, karibu na saa ya kugonga reli, umati umeshajaa nje, Komeo akaona purukushani wodini. Machela inatoka mlango wa nyuma. Akadhani ni mtu mwingine. Unajua tena, mgonjwa akiwa mahututi huwa ni wa mtu mwingine. Gari la wagonjwa likageuka uani, likaja langoni, taa zinawaka. Amri ya gari hilo inajulikana: likija fungua yote, usilisimamishe. Komeo akaondoa mnyororo, akasukuma ubawa wa kwanza, akasukuma wa pili, akawaambia watu wasogee. Gari likapunguza mwendo kwenye tuta, kama magari yote yanavyofanya pale.

Msusi, aliyekuwa ameitwa wodini kwa mlango wa wauguzi, alikuwa mbele, kati ya dereva na muuguzi. Akatoa kichwa.

"Shemeji, ndiye! Tumbo limechafuka, anapelekwa hospitali kubwa! Panda! Panda nyuma!"

Muuguzi naye akasema, "Panda, mzee, upesi!"

Vioo vya gari lile vimepakwa rangi nyeupe mpaka katikati, huoni ndani. Komeo akashika mpini wa mlango wa nyuma. Hilo nililiona kwa macho yangu, nilikuwa kwenye umati na kikapu changu. Akaushika. Akageuka akatazama lango wazi, mbawa zote mbili, na sisi watu nje, na ndani uwanja mtupu mpaka mlango wa wodi, na hakuna mtu wa kumpa funguo. Akatafuta kwa macho. Alimtafuta wa bustani, akamtafuta wa stoo, hata Kesho alimtafuta. Mdomo ulikuwa wazi kama mtu anayetaka kuita lakini hana jina la kuita.

"Siwezi kuliacha lango," akasema. Hakumwambia mtu. Alisema tu.

Dereva hakuweza kungoja. Gari likaondoka na mpini ukamtoka mkononi. Hakuna aliyesogea kuingia, hata wale wanaomwita Farao kwa moyo mgumu, na lango lilikuwa wazi kama mdomo. Mngetaka niwaambie mtu mmoja alijitokeza akasema, leta funguo, nenda. Hakujitokeza. Mimi mwenyewe nilisimama na kikapu changu. Hatukufikiri. Tulikuwa tumezoea kwamba lango ni Komeo na Komeo ni lango.

Akarudisha ubawa mmoja, akarudisha wa pili, akafunga mnyororo. Akachukua nondo, akagonga reli. Ilikuwa saa yake. Akafungua kilango. Mama mmoja aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni akamwuliza, "Baba, unalia?"

"Wawili wawili, mama," akasema. "Tafadhali. Wawili wawili."

Matroni alipoambiwa alikuja langoni mbio, bila mwavuli.

"Kwa nini hukuniambia, Komeo? Nilisimama hapa! Nilikuuliza!"

"Nilikuwa nimeshamwambia bosi, Matroni."

Matroni akaweka mkono kwenye nguzo kama anayehitaji kushikiliwa. Akamwambia aende, aende sasa hivi, yeye amemruhusu. Komeo akauliza, nani atashika lango? Matroni akamwita Kesho. Kesho akasema wa bustani bado yuko likizo na wa stoo bado mgongo, na mwenzake wa usiku hawezi kusimama usiku na mchana, atafutwe mtu wa kuaminika. Na Matroni akaamuru atafutwe. Na anatafutwa mpaka leo ninavyoandika.

Msusi ametuletea salamu kwa dereva wa gari. Mgonjwa yuko hai. Bado hajafanyiwa upasuaji, wanangoja apate nguvu. Komeo akamwuliza dereva, "Hakutuma neno kwangu?" Dereva akasema yeye alimwona msusi tu, nje, mgonjwa hakumwona. Komeo akamshukuru, akamfungulia lango.

Kila jioni nikipita namkuta. Ananisalimu, namsalimu. Ana ruhusa na hana njia ya kuitumia. Dirisha la karibu na tangi lina mgonjwa mwingine, mwanamke mnene anayependa kupunga mkono, na Komeo humgusia kofia kwa adabu. Sijui nimwambie nini. Nikimwambia alikosea, nitakuwa nambomolea mtu nyumba akiwa ndani. Nikimwambia alifanya vema, ulimi unakataa. Mchungaji anasema ni mfano mzuri, nami sibishani na Mchungaji, nimefundishwa darasa lile lile, na pengine ningeshika mnyororo ule ule. Usiku nalala nikimfikiria mwanamke yule amegeukia ukuta wa hospitali asiyoijua.

Basi nimewaandikia. Sasa zamu yenu. Mko vijana wangapi mlionijia barazani, mna miguu mizima, kila mtu kanisani anawajua, na hospitali ni ya kanisa lenu. Kabla hamjamsomea mtu yeyote karatasi hii, mmoja wenu aende leo langoni, kabla ya reli, amwambie Komeo, "Mzee, nipe funguo, gari la kwenda hospitali kubwa linaondoka stendi." Atakataa. Usiondoke. Nenda kwa Kesho ukasimame mbele yake mpaka akuandikishe, na akisema kesho, kaa kwenye kiti chake. Matroni akiuliza ni nani amekutuma, mtajie mimi. Na mtoto asipitishwe, kitanda watu wawili, na reli uigonge kwa saa yake, maana yeye atauliza akirudi. Haya, nyanyuka. Bado unasoma nini?